Mtani, usiiuze kwanza hiyo prosesa ya zamani

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mtani wangu mpagazi,

Habari za Tabora? Huku hatujambo, ni vumbi na upepo tu, na umeme umeshakatika mara mbili tangu asubuhi. Ujumbe wako wa sauti niliupata, dakika tisa nzima, nusu yake jogoo wa jirani yako. Nimeona nikujibu kwa maandishi. Mambo ya namba ukiyasikiliza yanaingia sikio hili yanatokea lile, nami nakujua: utamwendea muuzaji ukiwa umekumbuka namba na kusahau herufi, na hapo ndipo watu wanapolizwa.

Umeuliza uchukue prosesa ipi, yaani ubongo wa kompyuta yako ya gemu: Core i5-12400F ya Intel au Ryzen 5 5600 ya AMD. Nakujibu hapa hapa ili usije ukasoma mstari wa kwanza na wa mwisho kama kawaida yako: chukua 5600. Najua utacheka, maana mimi mwenyewe natumia 12400F na umenisikia nikiisifia mpaka ukachoka. Naendelea kuisifia. Ila wewe chukua ile nyingine, na sababu iko chini ya meza yako.

Hiyo kompyuta uliyomrithi binamu yako ina mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, ya B450, na prosesa ya Ryzen 3 2200G. Soketi yake, kile kiti cha prosesa, inaitwa AM4, na 5600 nayo ni ya AM4. Inaingia pale pale, ramu zako mbili za aina ya DDR4 zinabaki pale pale, hata feni ukitaka inabaki. Mimi na 12400F yangu tuko kwenye soketi ya LGA1700. Ukinifuata mimi lazima ununue na mazabodi mpya, na uwe macho hapo pia, kwa sababu mazabodi za LGA1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na ramu ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukiisukuma kwa goti. Ukikosea, umenunua na ramu. Fedha ya mazabodi hiyo ndiyo nataka uiweke kwenye kadi ya grafiki.

Sasa tuje kwenye zenyewe, kwa kuwa najua hutaridhika bila namba. Zote mbili zina kori 6, yaani wafanyakazi sita ndani, na nyuzi 12, yaani foleni 12 za kazi kwa wakati mmoja. Kasi ya zote inapanda hadi gigahetzi 4.4. Zote zilitoka mwaka 2022, ya Intel Januari na ya AMD Aprili. Wakati huo 5600 ilitangazwa kwa dola 199, na 12400F dola 167 kwa bei ya jumla. Kila kori ya 12400F inafanya kazi nyingi kidogo zaidi katika kila mpigo. Lakini 5600 ina kashe ya L3 ya megabaiti 32, wakati yangu ina 18. Kashe ni kama mfuko wa shati la muuza duka: chenji iliyomo anaitoa papo hapo, ile isiyokuwemo mpaka aingie chumba cha ndani, yaani kwenye ramu. Gemu linapenda sana mfuko mkubwa, kwa kuwa vitu vinavyoulizwa ni vilevile kila mara. Basi huyu ana nguvu ya mkono, yule ana mfuko, na mwisho wa siku wanafika pamoja.

Sikuambii kwa kusoma tu. Kuna kijana anakaa Ng'ong'ona, karibu na chuo, ana 5600. Jumamosi moja nilipanda bodaboda nimeipakata keisi yangu mapajani kama mtoto wa kliniki, vumbi lote la njiani likaingia kwenye feni. Tulichukua kadi yake moja, RX 6600, tukaichomeka kwake, tukacheza, tukaihamishia kwangu, tukarudia ramani zile zile. Picha zikiwa juu, hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Tukashusha picha za Counter-Strike 2 mpaka chini kabisa ili kadi isichoke na prosesa zenyewe ndizo zishindane, namba zikawa zinapishana kidogo, mara huyu mbele, mara yule. Mdogo wake alikuwa anaamua kwa kuangalia nani kafa mara chache. Kwa kipimo hicho prosesa zote mbili ni mbovu.

Sababu yake wewe Mnyamwezi unaijua kuliko mimi. Babu zako walipobeba pembe kwenda Bagamoyo, msafara ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi wa nyuma. Kila fremu moja unayoiona, prosesa inaamua kwanza: mpira uko wapi, adui amesimama wapi, risasi imepiga nini. Kisha inaipa kadi amri, kadi inachora. Kadi ikichelewa kuchora, prosesa inakaa chini ya mbuyu kusubiri. Ukiwa na kadi ya daraja la RX 6600 au RTX 3060, mpagazi wa nyuma ni kadi, kwa hiyo ukiweka 5600 au 12400F msafara unafika saa ile ile. Ili uzione hizi mbili zikitengana, na hapo ni kwa asilimia chache, unahitaji kadi ya bei ambayo sisi wawili tungeuza ng'ombe.

Halafu kuna monita yako. Ni ya hetzi 60. Inakuonyesha picha 60 kwa sekunde, basi, yaani kila picha ina milisekunde 16 na ushee. Prosesa zote mbili zinamaliza sehemu yao kabla ya hapo kwenye karibu kila gemu ulilonitajia. Fremu 140 na fremu 150 kwenye monita ya 60 ni ugomvi wa bure.

Kinachokusumbua wewe ni kitu kingine, na ulikieleza vizuri bila kujua: "inakwenda vizuri halafu inastaki kidogo nikigeuka." Huyo ni 2200G. Ana kori 4 na nyuzi 4 tu, na ni wa mwaka 2018. Gemu za siku hizi zinataka kugawa kazi kwa nyuzi sita au nane, na huku nyuma Windows nayo inajipakulia mambo yake. Ukigeuka ghafla kazi zinajazana mlangoni. Ukihama kutoka nyuzi 4 kwenda 12, kule kustaki ndiko kutakakopungua, iwe umechukua yangu au hiyo nyingine. Ndiyo maana nasema usiumize kichwa kuchagua kati ya hizi mbili. Mruko mkubwa ni ule wa kutoka hapo ulipo.

Kuna jambo moja unapungukiwa kwa kubaki kwenye B450, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine ukaniona mwongo. Njia inayopeleka data kwenye kadi ni PCIe 3.0, wakati 5600 yenyewe inaweza 4.0, kama ingekaa kwenye mazabodi ya B550. Na RX 6600 inatumia leni 8 za njia hiyo, siyo 16. Kwa hiyo kuna unachopoteza, ila ni kidogo sana. Mimi ningekubali kuipoteza.

Herufi sasa. F kwenye 12400F maana yake haina grafiki ya ndani. Hili lilinifunza kwa aibu. Nilipoipata mara ya kwanza sikuwa na kadi bado, nikaunganisha kila kitu, nikachomeka HDMI nyuma ya mazabodi, nikawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ramu, nikaibeba mpaka kwa fundi mjini. Fundi aliangalia herufi ile moja, akaniangalia mimi, akaniuliza kama nimekula. 5600 ya kawaida nayo haina grafiki ya ndani, ingawa haina herufi ya kukutahadharisha.

Mtego wako wewe ni wa upande wa AMD. Umesema kuna mtu anakuuzia "5600 hiyo hiyo" kwa bei ndogo, na kwenye picha uliyonitumia naona G. Ryzen 5 5600G si 5600. Ina grafiki ya ndani, sawa, na kwa mtu asiye na kadi kabisa ni nzuri. Lakini kashe yake ni megabaiti 16, nusu, na PCIe yake inaishia 3.0. Ryzen 5 5500 nayo ni ya ukoo huo huo wa 5600G, kashe 16, tena bila grafiki. Kama unanunua kadi, usichukue G wala 5500 kwa bei ya 5600. Mwambie muuzaji akupigie picha ya maandishi juu ya chuma chenyewe, siyo ya boksi.

Na apige picha ya tumboni. Prosesa za AM4 zina pini zake zenyewe, 1,331, nyembamba kama ndevu za mtama. Ikitupwa kwenye bahasha bila kishikilio, ikapita Morogoro chini ya magunia ya watu, itakufikia zimelala. Za Intel ni kinyume: prosesa ni bapa, pini ziko kwenye mazabodi, kwa hiyo mazabodi ndiyo ya kuogopewa.

Sasa sikiliza hapa kuliko kote. Usiiuze 2200G kabla ya kumaliza. B450 yako ni ya zamani kuliko 5600, na BIOS iliyomo, ile programu ndogo inayoiwasha mazabodi, huenda haiitambui. Unatakiwa uiapdeti wakati 2200G bado imekaa, kwa fleshi, kwa faili la mazabodi yako yenyewe, lenye jina lake kamili mpaka namba ya toleo. Kisha ndiyo ubadilishe. Ukiichomoa kwanza ukaiuza, utakuwa na prosesa mpya na mazabodi isiyoijua, na kila fundi atakutajia bei yake. Soma pia maelezo ya faili lile, maana kwenye baadhi ya mazabodi BIOS mpya inawafuta wazee wa mwanzo, yaani haizitambui tena prosesa za kale.

Na umeme. Apdeti ya BIOS ikikatikia katikati, mazabodi inaweza kufa pale pale. Azima UPS ya steshenari, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Kwa kazi ya dakika tano hata ile ndogo inatosha. Kwa kuchezea usiitegemee: VA 650 siyo wati 650, ni kama nusu yake na ushee. Prosesa zote hizi zimeandikwa wati 65, ingawa yangu inaruhusiwa kufika 117 ikikimbia kazi nzito, na RX 6600 peke yake ni wati 132. Kwenye LUKU yako tofauti ya prosesa hutaiona. Kadi utaiona.

Kung'oa ile ya zamani usivute ikiwa baridi. Pesti ya miaka, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, inashika kama ulimbo, utanyanyua feni na prosesa ikining'inia. Cheza nusu saa ipate moto, zima, chomoa waya, legeza skrubu nne, zungusha feni kushoto kulia taratibu, ndipo unyanyue. Feni hiyo ya 2200G kama ndiyo ya asili ni Wraith Stealth, aina ile ile inayokuja kwenye boksi la 5600. Kwa hiyo ukipata 5600 isiyo na boksi, kwa bei ya chini, usiogope. Isafishe vumbi, nunua pesti ya sindano, endelea. Joto la Oktoba huku linaipa kazi kweli, na huko kwenu sidhani mna unafuu.

Ungekuwa huna kitu kabisa, ningekwambia jumlisha bei ya prosesa na mazabodi, upande utakaokuwa chini huo ndio wako. Mimi niliangukia Intel kwa sababu hiyo tu: mtu alikuwa anahama, akaniachia mazabodi ya H610 kwa bei ya kutupa. Njia zote mbili zimeshafika mwisho, AMD wako AM5 tangu 2022 na Intel walihamia soketi nyingine 2024. Ila kwenye AM4 yako, ukija kukutana na 5700X3D iliyotumika, ile yenye kashe ya megabaiti 96, nipigie simu hata saa nane usiku. Usimwambie mtu mwingine.

Kama unakubali, nitumie hela nusu, nitamwagiza jamaa wa Kariakoo aniletee na treni Ijumaa. Nitaipima hapa kwa yule kijana wa Ng'ong'ona, nikiona inawaka naipakia kwenye basi la Tabora Jumapili. Babu zetu walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliopita Ugogo, na sioni kwa nini kifurushi chako kipite bure. Asali, lita mbili. Ile nyeusi ya msituni, siyo ile uliyoniletea mwaka jana ikiwa na ladha ya sukari guru.

Msalimie mama, mwambie zabibu zikiiva nitamletea.

Mtani wako

Nilisahau: angalia ramu zako zimekaa kwenye matundu gani. Kwenye picha naona zote mbili ziko jirani. Zikae ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, ndipo zifanye kazi kwa pamoja. Hiyo haina gharama, ifanye leo.