Msimwite mchawi Hermeto Pascoal

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma taazia yenu ya Hermeto Pascoal, mwanamuziki wa Brazil aliyefariki Rio de Janeiro tarehe 13 Septemba 2025 akiwa na miaka 89. Nashukuru mlimkumbuka, maana hapa kwetu ukitaja jazi watu wanafikiria bendi za dansi za zamani, na ukimtaja Hermeto wanakuuliza anachezea timu gani. Ila katika makala moja mmemwita "mchawi" mara nne, ya kwanza ikiwa kwenye kichwa cha habari, na hapo ndipo nilipovua miwani.

Najua mmelitoa wapi. Wabrazili wenyewe walimwita o Bruxo kwa mapenzi, kwa sababu ya ile midevu na nywele nyeupe, na kwa jinsi alivyotoa muziki kwenye chochote alichoshika. Na sisi tunasema mchawi wa soka, hakuna anayekasirika. Lakini Hermeto alizaliwa na ualbino, jambo ambalo taazia yenu haikuligusa hata kwa mstari mmoja. Mimi pia nimezaliwa nao, na naishi Mwanza. Miaka ya 2007 na 2008, watu kama mimi walipokuwa wakiuawa huku Kanda ya Ziwa kwa ajili ya viungo vyao, nilikuwa nikitoka kupiga kinanda usiku nasindikizwa na wenzangu wawili wa bendi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Neno mchawi likiwekwa chini ya picha ya mtu mwenye ngozi kama yangu, siwezi kulisoma kama sifa.

Tena linaficha kazi. Alizaliwa mwaka 1936 Lagoa da Canoa, jimbo la Alagoas, kijiji kisicho na umeme. Jua la huko halikumruhusu kushinda shambani na wenzake, basi akashinda kivulini na kodiani ya baba yake, ile ndogo ya besi nane, wakipokezana na kaka yake José Neto. Babu yake alikuwa mhunzi. Mtoto akaokota mabaki ya vyuma, akayatundika, akayagonga kusikia lipi linalia vipi. Akatengeneza filimbi kwa bua la jani la boga. Sisi tulitumia la mpapai, na mama zetu wakatufukuza uani kwa kelele. Utotoni kwake sioni uganga wowote, naona mtoto mwenye macho hafifu aliyekuwa na muda mwingi wa kusikiliza.

Mmelitengea birika aya nzima, na nguruwe aya nyingine. Ni kweli, alipuliza birika lenye maji ndani, na ni kweli nguruwe wanasikika katika albamu yake Slaves Mass ya 1977. Lakini msomaji asiyemjua amebaki na picha ya mzee wa vituko. Kama ni vituko, mngemsimulia kile cha mtangazaji wa mpira. Katika albamu yake ya 1984, iliyobeba jina la kijiji chake, Hermeto alichukua sauti ya Osmar Santos, mtangazaji maarufu wa soka redioni kule Brazil, akatafuta noti ya kila silabi aliyoitamka, kisha akaziwekea sauti za kuzisindikiza chini yake. Hakumbadilishia hata neno. Unasikia mtu anatangaza mpira, halafu ghafla unagundua kwamba tangu mwanzo alikuwa anaimba. Nilijaribu jambo hilo na rekodi ya dakika moja ya mtangazaji wetu mmoja. Nilitumia siku tatu, nikapata sekunde kumi na moja, na hizo nazo mke wangu alisema zinamtia kichefuchefu. Hermeto aliamini kila anayesema anaimba, ila sikio letu la mazoea limezibwa na maana ya maneno. Sijawahi tena kusikiliza mpira redioni kama zamani.

Mmeandika pia kwamba Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, ndiye "aliyemwibua". Hapana. Kabla ya hapo alikuwa ameshapiga redioni Recife akiwa kijana, na mwaka 1967 kundi la Quarteto Novo, alimokuwa na Airto Moreira, Heraldo do Monte na Théo de Barros, walitoa albamu iliyochukua mahadhi ya kaskazini-mashariki mwa Brazil na kuyafanyia ubunifu wa papo kwa papo bila kuwaiga Wamarekani. Ni Airto na mkewe Flora Purim waliomwalika Marekani. Mwaka 1970 Miles alirekodi tungo tatu za Hermeto, zikatoka mwaka uliofuata kwenye albamu ya Miles, Live-Evil, na mtunzi akaandikwa Davis. Mmoja unaitwa Selim. Mtu wa pwani atadhani ametungiwa jirani yake, kumbe ni jina Miles limesomwa kinyumenyume.

Ungetegemea mtu aliyetendewa hivyo azing'ang'anie tungo zake kwa meno. Mwaka 2008 aliandika karatasi kwa mkono wake, akawaruhusu wanamuziki wa dunia nzima wazirekodi wapendavyo.

Kuhusu waliomfuata, ambako taazia yenu ilikuwa na sentensi moja tu, mngekwenda Jabour, mtaa wa pembezoni mwa Rio alikoishi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi lake lilikuwa likifanya mazoezi nyumbani kwake karibu kila siku ya kazi, kwa saa nyingi, wawe na onyesho au wasiwe nalo. Pale wamepita Itiberê Zwarg wa besi, Jovino Santos Neto wa piano, Carlos Malta wa saksafoni, nao wakawa walimu wa wengine. Jovino amefundisha Seattle kwa miaka mingi. Sisi wa bendi tunajua kukusanya watu watano Jumanne mchana, hakuna hela, ni kazi ya namna gani.

Neno basi liwe lipi? Gwiji limechoka, siku hizi hata muuza chipsi ni gwiji. Huku Usukumani tuna manju, anayetunga na kuongoza ngoma, na lingemfaa sana, ingawa nakiri nao manju walisemwa kwamba wamechanjwa dawa ndipo washinde. Mimi ningemwita fundi. Fundi tunamjua, ana mikono, ana vifaa, na alianza kwa kuharibu.

Nimalizie na jambo la binafsi. Kuanzia tarehe 23 Juni 1996 hadi 22 Juni 1997 Hermeto alitunga wimbo mmoja kila siku, ili kila mtu duniani awe na wake wa siku ya kuzaliwa. Zilichapishwa kwa mwandiko wake katika kitabu kiitwacho Calendário do Som. Ukihesabu siku hizo utapata 365, lakini nyimbo ni 366, kwa sababu aliongeza mmoja kwa wanaozaliwa Februari 29. Mimi ni mmoja wao. Shuleni nilitaniwa kwamba nina miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kunipigia chochote siku hiyo. Mwanangu amenikuzia ukurasa ule kwenye karatasi kubwa, noti zikawa za ukubwa wa maharage, nimeubandika ukutani juu ya kinanda. Mkono wa kushoto bado unanishinda. Hadi Februari 29 ijayo nina muda.

Msomaji wenu,
Mwanza