Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro kuhusu wanafunzi wa uuguzi na majeraha ya sindano

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUWAKINGA WANAFUNZI WA UUGUZI WAWAPO WODINI

Salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanafunzi wa uuguzi akiripoti wodini hapa Moshi, huanza kwa kupima presha na joto, kutandika vitanda na kupeleka sampuli maabara. Mkono ukishazoea anachoma sindano, anatoa damu, anaweka kanula, kile kijibomba cha kupitishia dawa na maji kwenye mshipa. Kazi hizo lazima azifanye, tena mara nyingi, ndipo aive. Sisi tunaomsimamia tunakuomba jambo moja: asiguse sindano ya mgonjwa kabla hajaanza chanjo ya homa ya ini aina B, na akichomwa, apate dawa katika zamu hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Wanafunzi wengi wanaogopa VVU peke yake. Kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa mtu asiye na kinga, ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Kwa hiyo wapo waliochanjwa utotoni, na wapo watu wazima waliorudi shule ambao hawakuipata kabisa. Kadi ya kliniki ndiyo ingetuambia nani ni nani, lakini wengi hawanayo. Asiye na ushahidi ahesabiwe kuwa hajachanjwa.

Dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Dozi ya kwanza ikitolewa wiki ya usajili, ya pili itaangukia wakati mwanafunzi bado anajifunzia chuoni kwa midoli. Akisubiri mpaka apangiwe wodi, ataingia bila kinga. Gharama nayo isiachwe mgongoni mwake. Ameshalipa ada, sare na chumba, na anayeamua kati ya dozi na nauli atachagua nauli. Vyuo na hospitali zinazopokea wanafunzi wanaweza kukubaliana nani analipa nini, ukiwaita mezani.

Sasa tuseme jinsi ajali yenyewe inavyotokea, kwa sababu mara nyingi chanzo ni mpangilio wa wodi. Boksi la kutupia sindano zilizotumika liko mezani kwa wauguzi, mwanzoni mwa wodi. Mgonjwa yuko kitanda cha mwisho. Mwanafunzi anamaliza kutoa damu, hana pa kutupa sindano, anairudishia kifuniko kwa mkono wa pili ili aweze kutembea nayo, na hapo ndipo anapojichoma kidole cha shahada au gumba. Mwingine anaiweka kwenye kidishi, juu yake anatupia pamba, na mwenzake anayekuja kusafisha troli anaikuta kwa vidole. Boksi likipita robo tatu, sindano zinakwama mdomoni, na mtu anazisukuma kwa mkono. Mabapa ya chini yasipofungwa vizuri wakati wa kulikunja boksi jipya, sindano hupenya kitakoni likinyanyuliwa. Wodi ya watoto ina hatari yake: mtoto anarusha mkono wakati sindano ya kanula imeshachomolewa na bado imejaa damu ndani ya tundu lake. Dawa ya haya yote ni boksi moja kwenye kila troli, liende na mtoa huduma hadi kitandani, na mtu mzima mmoja wa kumshika mtoto.

Akishachomwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikikamue, asikinyonye, asimwagie jiki. Damu ikimrukia machoni, kama inavyotokea chumba cha kujifungulia, asuuze kwa maji safi mengi. Kisha amwambie msimamizi wa zamu, tukio liandikwe, apimwe yeye, na mgonjwa apimwe kwa ridhaa yake. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, ianze mapema iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya saa 2, na isivuke saa 72. Dawa humezwa kwa siku 28, na kipimo cha VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3. Asiye na kinga ya homa ya ini apewe dozi ya chanjo ndani ya saa 24.

Hapa ndipo mambo yanapokwama. Dawa zimefungiwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na CTC hufungwa jioni. Aliyechomwa Ijumaa usiku anaambiwa arudi Jumatatu, na tayari zaidi ya saa 48 zimekwenda. Aliye kwenye mafunzo ya vijijini, Rombo au Same, ana safari pia mbele yake. Wengi hunyamaza, wakihofia kufokewa au kunyimwa sahihi ya mafunzo. Wapo wanaoanza dawa na kuziacha wiki ya pili kwa kichefuchefu, au kwa kuona aibu mwenzake wa chumbani asije akaikuta chupa. Hao wanahitaji mtu wa kuwapigia simu wiki ya kwanza, si karipio.

Tunaomba kila kituo kinachopokea wanafunzi kiwe na dozi za PEP za siku 3 za kuanzia, pamoja na vipimo, chini ya ufunguo wa msimamizi wa zamu. Tunaomba pia mwanafunzi aandikwe katika rejista ileile ya watumishi waliojeruhiwa, kwani sasa mara nyingi haandikwi popote. Na timu yako ya mkoa ikija kwenye usimamizi shirikishi, ifike pia usiku, iulize ufunguo huo uko kwa nani, na itazame boksi la kila troli limejaa kiasi gani.

Wako katika kazi,

Wauguzi tunaosimamia wanafunzi wodini,
Moshi