Dirisha la wazee lipo, dawa ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya kuzinduliwa kwa dirisha la wazee hospitalini, mliyoipamba kwa picha ya kiongozi akikata utepe huku vikongwe wamepangwa nyuma yake kwenye viti vya plastiki, nimeisoma nikairudia nikitafuta mahali panaposema dawa zitatoka wapi. Sikupaona. Mwandishi wenu ametaja rangi ya kibao, ametaja maneno yaliyoandikwa kwenye kibao, ametaja hadi kikundi cha ngoma kilichotumbuiza. Habari ya dawa kairuka.

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na humo nimekutana na mengi ya kuudhi nikanyamaza, nikasema watasema wengine. Hili limenishinda, kwa sababu dirisha la namna hiyo nalijua. Nimesimama mbele yake na dada yangu mkubwa.

Dada yangu ni mjane, kavuka miaka 75, na hajawahi kuajiriwa na yeyote isipokuwa jembe. Ana presha ya siku nyingi, na hivi karibuni wamemkuta na sukari. Mimi mdogo wake nina kadi ya bima kwa kuwa nilikuwa mtumishi. Mfuko wa bima ulipoanza mwaka 2001 nikaanza kukatwa mshahara, nilipostaafu nikabaki na kadi, mimi na mke wangu. Yeye aliyelima mahindi na maharage tuliyokula sisi wenye mishahara hana kadi, ana msamaha. Na msamaha huo si hisani ya mtu. Umo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ukarudiwa kwenye Sera ya Afya ya mwaka 2007: aliyefika miaka 60 na hana uwezo atibiwe bila malipo.

Tulifika hospitali asubuhi na mapema. (Wilaya sitaitaja. Nusu ya wauguzi pale nimewafundisha, na kosa si lao.) Karani akataka uthibitisho wa umri. Kitambulisho cha taifa dada hana, maana kila alipoweka vidole kwenye mashine, mashine ilikataa. Mistari ya vidole imeliwa na mpini. Tukatoa barua ya mtendaji wa kijiji, yenye picha na mhuri. Karani akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna mengine yameandikwa huko, akasema barua inamtaja kuwa mzee lakini haisemi kwamba hajiwezi. Mhariri, dada yangu alikuwa amesimama pale na kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu. Yule karani akainama kidogo, akazitazama zile kandambili, akagonga mhuri wake bila kusema neno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, tena kwa heshima. Shikamoo bibi, karibu bibi, pita hapa bibi. Vijana kwenye benchi wakampisha. Daktari, binti mdogo mwenye subira, akampima, akamweleza taratibu kuhusu chumvi na ugali, akaandika dawa tatu: ya presha, ya sukari na ya maumivu ya magoti. Tukaenda dirisha la dawa. Mfamasia akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya ya kwanza, akapiga mstari juu ya ya pili, ya tatu akaizungushia duara. Ya tatu ilikuwa panado. "Hizi nyingine mtazipata pale nje, mzee wangu," akaniambia, na hata haikumbidi anyooshe kidole, maana duka lenyewe linaonekana kutoka dirishani, ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, lina kiyoyozi. Zote mbili zilikuwepo. Nikalipa. Dada yangu, ambaye muda wote alikuwa ameishika ile barua ya mtendaji mkononi, akaniuliza, "Mdogo wangu, si walisema mimi silipi?"

Sikuwa na la kumjibu. Jibu lake nalileta kwenu, kwa sababu mwandishi wenu alipaswa kulijua kabla ya kwenda kupiga picha utepe. Watu wengi wakisikia dawa hakuna wanasema ni wizi. Wizi upo, sibishi, lakini hesabu yenyewe hata ingepigwa na malaika isingekubali. Tangu mwaka 1993 hospitali zetu za serikali zinachangisha wagonjwa. Kuna mgao wa serikali na wa wafadhili, hautoshi. Pengo linazibwa na fedha za papo kwa papo, za bima na za CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii. Hospitali inapeleka oda Bohari ya Dawa; Bohari ikisema haina, hospitali inakwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, na mshitiri hapokei msamaha, anapokea fedha. Sasa fuatana nami. Mwenye bima akitibiwa, mfuko unailipa hospitali. Mwenye taslimu analipa mwenyewe. Mzee wa msamaha akitibiwa, anayeilipa hospitali ni nani? Hakuna! Jina lake linaingizwa kwenye daftari la misamaha, mwisho wa mwezi madaftari yanajumlishwa, jumla inapanda mkoani kama takwimu, na huko huko inalala. Dawa aliyopewa imetoka rafuni na haina fedha ya kuirudisha. Wilaya kama yetu, ambayo vijana wote wamekwenda Dar es Salaam na kutuachia sisi wenye fimbo, inasamehe wengi na kukusanya kidogo, kwa hiyo ndiyo yenye rafu tupu kuliko zote, na mganga mfawidhi ndiye anayetukanwa kwenye mikutano ya hadhara. Ahadi imetolewa na mmoja, kaachiwa mwingine ailipe, halafu wa kwanza anarudi na mkasi kukata utepe. Kama shule ingeambiwa ipokee wanafunzi bila ada na bila ruzuku, madaftari yangeisha kufikia mwezi wa pili na tungemlaumu mwalimu mkuu. (Mimi nimewahi kuwa mwalimu mkuu, najua lawama hizo zinavyokuja.)

Anayedhani natia chumvi aende kwenye dawa za UKIMWI, za kifua kikuu, au dawa mseto ya malaria. Zahanati ya kijijini kwetu ina paa linalovuja, lakini dawa hizo zinafika. Zinafika kwa kuwa zina mlipaji, na kwa sehemu kubwa mlipaji huyo yuko nje: Mfuko wa Dunia, Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kila mtu alihaha, na ilikuwa haki kuhaha. Dawa ya presha ya bibi haina mfadhili. Ikikosekana hakuna anayeitisha kikao.

Najua kuna atakayeniambia mzee ajiunge na CHF iliyoboreshwa. Nimeshamuunga. Nilipomuunga ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, bei nzuri kabisa ukiwa na watoto wanne. Dada yangu ni kaya ya mtu mmoja, alilipa 30,000 zile zile. Na dawa ambayo haipo kwa mwenye msamaha haipo kwa mwenye kadi vilevile.

Kuna sheria pia. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake wasio na uwezo wametengewa mfuko, na miongoni mwa vyanzo vya fedha wametaja kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Kwa jinsi vijana wa kituo chetu cha bodaboda wanavyobeti, dada yangu alipaswa awe anapelekwa Muhimbili kwa ndege. Ninachoomba mtuandikie, badala ya utepe, ni hiki: fedha zinazokusanywa kwa jina la wasio na uwezo zinashuka mpaka dirisha lipi, lini, na kwa njia gani? Mtu mwenye kalamu na kitambulisho cha uandishi anaweza kuuliza. Mimi nikiuliza naambiwa mzee utulie.

Na tukiwa hapo hapo kwenye misamaha, mbona hamjawahi kuandika habari ya mabegi ya wajawazito? Mjamzito naye amesamehewa, na mtoto wa chini ya miaka mitano amesamehewa. Binti yangu wa mwisho alipokaribia kujifungua aliletewa orodha, imeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha karatasi ya daftari: mpira wa kutandika, glovu, nyembe, nyuzi za kufungia kitovu, pamba, sindano, beseni, na khanga zake mwenyewe. Nikauliza, hizi glovu anavaa nani, binti au mkunga? Nikaambiwa baba usiwe mkali. Sikuwa mkali, nilikuwa nauliza. Bei za vitu hivyo kwenye duka la mkabala na geti si za sokoni, kila mtu anajua, na anayekuja saa nane za usiku na uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kwenda kulinganisha bei. Kuna akina mama wanaobaki nyumbani kwa sababu begi halijatimia. Wanazalishwa na bibi zao, wakipata matatizo tunauliza kwa nini hawakuwahi hospitali. Anayeanza maisha na anayeyamaliza wameahidiwa kitu kimoja, na wote wawili tunawavusha barabara kwenda duka lile lile.

Halafu vibao. Sijui ni nani aliyetuloga na vibao. Hospitali yetu ina kibao cha wazee, kibao cha sanduku la maoni, kibao cha kukataza rushwa, kibao cha kukataza kupiga picha, na mashine ya kupimia presha ambayo betri zake zimefungwa kwa plasta. Sanduku la maoni lenyewe lina kufuli lenye kutu, nadhani ufunguo ulihama na katibu wa afya aliyepita.

Zanzibar ni hapo ng'ambo tu ya maji, tukiwa ufukweni tunaziona boti zikienda. Aprili 2016 walianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa katibu mkuu au mvuvi wa pweza. Haikuwa fedha nyingi, lakini bibi aliyeambiwa dawa hakuna alikuwa na kitu cha kuvukia barabara. Huku Bara wa kwetu anavuka na barua ya mtendaji.

Kwa kuwa mtaniuliza nina pendekezo gani, ninalo. Kando ya kila dirisha la wazee utundikwe ubao mweusi, futi nne kwa tatu, usipungue. Kila Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi mfamasia aandike dawa za presha, za sukari, za macho na za viungo: ipi ipo, ipi haipo, na isiyokuwepo imeisha tangu tarehe gani. Herufi ziwe kubwa, maana wasomaji wengi wana mtoto wa jicho. Kiongozi yeyote atakayekuja kuzindua chochote mahali hapo, kabla hajakabidhiwa mkasi, ausome ubao wote kwa sauti kwenye kipaza sauti kile kile cha hotuba, tarehe zote, halafu aseme atalipa nani. Akishindwa kusoma, mkasi urudi stoo.

Kwa hospitali yetu ubao upo tayari. Ni ule wa darasa la tatu walioutoa shuleni walipoletewa mweupe, na fundi ameshaupaka rangi upya. Chaki nitaleta boksi moja kila muhula kwa fedha zangu. Halmashauri itoe misumari.

Mwalimu Mstaafu,
Mkoa wa Tanga