Kwa Nini Tunapima Maji ya Ghuba ya Winam Kabla ya Alfajiri

Swali tunaloulizwa kuliko yote na wafugaji wa samaki kwenye fuo za Kisumu, kuanzia Dunga hadi Ogal, ni hili: samaki walikula vizuri jioni, mbona asubuhi wanaelea tumbo juu? Wa kwanza kushukiwa huwa jirani mwenye kijicho, halafu kiwanda. Sumu ikiingia majini huua, hilo halina ubishi. Lakini ngege (tilapia) wakifa wengi usiku mmoja, midomo wazi, na wakubwa wakitangulia wadogo, mara nyingi wamekosa hewa. Upungufu wa oksijeni ndio uliotajwa pia Novemba 2022, vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki ziwani, vya upande wetu wa Ziwa Victoria vilipopoteza samaki wengi mno na watu wakabaki na madeni ya vifaranga na chakula.

Hewa hiyo hupoteaje? Mchana mwani, mimea midogo sana inayoelea majini, hutumia jua na kuachia oksijeni majini. Jua likizama kazi hiyo hukoma, na mwani wenyewe huanza kuvuta oksijeni ileile wanayovuta samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha uchafu chini. Usiku kucha akiba inapungua, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa karibu na mapambazuko. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, yale maji ya kijani kibichi, mchana utapata kipimo kizuri ajabu na alfajiri hakuna kitu. Kwa hiyo mtu anayekuja kukupimia maji saa sita mchana, juu juu, akakuambia mambo ni shwari, hajakusaidia. Kipimo ni sahihi, ila saa ndiyo siyo.

Ghuba yetu nayo ina hali yake. Haina kina kirefu, na maji yake hukutana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Nyando, Kibos na Sondu-Miriu huleta udongo na mbolea kutoka mashambani, na mji wa Kisumu unaongeza majitaka yake. Mbolea hiyo hiyo inayonenepesha miwa hunenepesha mwani na gugumaji.

Huduma yetu huanza na boya lenye vihisi viwili ndani ya maji, kimoja karibu na uso na kingine usawa wa chini ya wavu. Cha chini ndicho tunachokiamini zaidi. Siku za joto bila upepo, maji ya juu yenye joto hulala juu ya maji ya chini yaliyo baridi zaidi, na chini oksijeni huisha polepole bila mtu kuona. Ukija upepo mkali au mvua ya baridi, maji hayo hupinduka na kufunika kizimba kizima. Boya hupima mchana na usiku kwa nguvu ya sola, na oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita simu yako inapata ujumbe. Ikikaribia 2 hatutumi ujumbe tu, tunapiga simu hadi uamke.

Kuna jambo moja dogo linaloharibu kazi nyingi za kupima, na tunalieleza wazi kwa sababu hata mwenye kipimo chake mwenyewe atafaidika. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na Mombasa. Kipimo kilichotoka dukani kikarekebishwa kana kwamba kiko pwani kitakusomea 4 wakati samaki wako wana 3.5. Ingiza mwinuko wa mahali ulipo kabla ya kuanza. Halafu safisha. Ndani ya siku chache utelezi wa kijani huota juu ya kihisi, na utelezi huo nao hutoa na kuvuta oksijeni, hivyo unapima utelezi, hupimi ziwa. Ndiyo maana tuna vijana wanaoingia kwenye mashua kila wiki na mswaki laini na kipimo cha pili cha mkononi. Mitambo isiyotembelewa hatuiuzi, hata mteja akituomba tumpunguzie bei kwa njia hiyo.

Picha za setilaiti tunazitumia pia. Zile za Sentinel-2 za Ulaya hazilipiwi, hupita juu yetu takriban kila siku tano, na huonyesha kitu chenye upana wa mita 10. Zulia la gugumaji huonekana waziwazi. Mawingu ya masika huziziba, na upepo wa alasiri kutoka ziwani unaweza kulisukuma gugumaji hadi kwenye vizimba kabla picha inayofuata haijafika, kwa hiyo wavuvi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) wanaopiga simu wakiliona bado ni macho yetu ya kwanza.

Ukipata onyo, acha kulisha. Samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi ili kusaga chakula, na hilo ndilo kosa tunaloliona kila mara: mtu anaona samaki wamezubaa anawaongezea chakula. Kama una pampu ya hewa, iwashe kabla ya usiku wa manane. Wavu ulioziba kwa mwani usafishwe maji yapite. Waliofikia uzito wa soko wavuliwe mapema, hata kwa bei ya chini.

Na tuseme ukweli unaowauma baadhi ya wateja wetu: vizimba vyenyewe huchafua. Chakula kisicholiwa na kinyesi hushuka moja kwa moja chini, huoza, na kula oksijeni ya samaki walewale. Kizimba kilichotiwa mahali pa maji mafupi, karibu na ufuo ili mlinzi asipate taabu, hujitengenezea kifo chake, na huharibu mazalia ya samaki wa wavuvi ambao hawana kizimba chochote. Tukikuta hali hiyo tunapendekeza uhame kwenye maji ya kina na yanayotembea, na hatufungi boya hadi mahali papatikane. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hudai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na vipimo vya usiku vya miezi kadhaa ni msaada mkubwa katika kuiandaa.

Unapotupigia, uwe na mambo matatu tayari: kina cha maji chini ya kizimba, idadi ya samaki waliomo, na saa unayolisha kwa mara ya mwisho jioni. BMU ikijiunga kwa pamoja, boya moja linaweza kuhudumia vizimba vilivyo jirani na gharama mkagawana, mradi mkubaliane kwamba kila mmoja wenu ataona vipimo.