Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Tope na Sera

Ndugu wanachama, shikamooni wazee wetu mlioanzisha hiki chama, na vijana mambo vipi. Naandika kwa niaba ya kamati, mniwie radhi taarifa imechelewa wiki mbili nilikuwa nasubiri mahesabu ya mhazini yakae sawa.

Mnakumbuka mkutano mkuu uliopita tulikubaliana mwaka mzima tushike jambo moja tu, tope. Tope lenyewe, linatembeaje, na serikali inaliwekea sheria gani. Kuna walioona ni jambo dogo kwa chama chenye walimu wa fizikia, wanajiolojia, maafisa mipango miji na watafiti wa sera, ila aliyefika Katesh, ule mji ulio chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, baada ya ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 hahitaji kuelezwa. Sehemu ya mlima Hanang ililowa mvua ikaachia alfajiri, udongo ukachanganyika na maji, mawe na miti, ukashuka kwa kufuata makorongo mpaka kwenye nyumba za watu, na waliofariki walikuwa zaidi ya 80. Wengi mpaka leo wanayaita mafuriko. Mimi hilo jina linaniuma kwa sababu ukishaita mafuriko utaleta mipango ya mafuriko, na tope lina tabia zake.

Kwa wenzetu wa sera ambao fizikia mliaga zamani, niseme hivi. Uji ukimwagika mezani unatambaa wenyewe mpaka unadondoka chini, uwe mwepesi uwe mzito, mzito unachelewa tu. Ugali ukiupakua unakaa pale pale ulipouweka mpaka uusukume na mwiko. Ile nguvu ya chini kabisa inayotakiwa ndo kitu kianze kutiririka sisi tunaiita kizingiti, na Mmarekani Eugene Bingham ndo aliyeiwekea hesabu miaka zaidi ya 100 iliyopita, akichunguza vitu kama udongo wa mfinyanzi na rangi. Sayansi yenyewe inaitwa reolojia. Mwanasayansi mwenzake Markus Reiner mwaka 1964 aliandika kuhusu wimbo wa nabii Debora kwenye kitabu cha Waamuzi, pale milima inapotiririka mbele za Bwana, akasema kila kitu kinatiririka ukikipa muda wa kutosha, na mpaka leo kuna namba kwenye vitabu vyetu inaitwa namba ya Debora, inayolinganisha muda ambao kitu kinahitaji ili kitiririke na muda unaokiangalia. Nililisema hili kwenye kikao cha Aprili na mama mmoja wa kwaya akasema basi hiyo sayansi ataisoma mpaka mwisho, na kweli hajakosa kikao tangu siku hiyo.

Sasa zoezi la Agosti, ambalo naona ndo kazi yetu bora mwaka huu. Mwanachama wetu mmoja fundi wa ujenzi alileta ile koni ya kupimia slampu ya zege, yaani zege linashuka kiasi gani ukilitoa kwenye koni, ina urefu wa sentimita 30, tukaijaza udongo mwekundu wa mlimani tuliokuwa tumeukanda na maji kidogo. Akainyanyua koni taratibu, udongo ukabaki umesimama kama kichuguu, umeshuka labda upana wa vidole viwili. Tukaukanda tena tukaongeza maji kikombe kimoja cha chai, ukashuka nusu. Tukaongeza kikombe cha pili, alivyonyanyua koni ulitandazika kama chapati ya maji ukafika kwenye viatu vya waliokuwa mbele. Vikombe viwili tu jamani, udongo ule ule. Afisa mipango mmoja alichuchumaa pale muda mrefu anauangalia, baadae akaniambia miaka yote anasaini ramani alikuwa anadhani mlima unaonya kwa nyufa, kumbe unaweza kuwa umekaa kimya leo na kesho mvua kidogo juu ya ile iliyokwisha kunyesha ikavusha kizingiti.

Hesabu tuliyoifanya siku ile narudia hapa kwa waliokosa. Chukua tope lenye kizingiti cha paskali 1,000 (paskali ni kipimo cha nguvu kwa kila mita ya mraba) na uzito wa kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo. Kwenye mteremko wa nyuzi 10 litaendelea kutembea mpaka kina chake kipungue kufika kama sentimita 33, hapo ndo linasimama. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, yaani pale chini ambapo watu wamejenga kwa sababu panaonekana tambarare, linasimama likiwa na kina cha kama mita moja. Maji hayana kizingiti kwa hiyo yataondoka yenyewe, tope litabaki ndani ya nyumba na kadri linavyokaa linazidi kukaza. Kwa hiyo wakati wa uokoaji unahitaji ile mitambo ya kuchimbia tunayoiita vijiko, na majembe, vifike masaa ya kwanza, na barabara ya kuvifikisha iwe haipiti kwenye korongo lile lile. Hilo ni suala la bajeti ya wilaya, nani anamiliki mtambo, umepaki wapi, mafuta anaweka nani.

Na hapa ndo tunakuja kwenye mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani na baharini. Ni sheria nzuri na lengo lake ni kulinda chanzo cha maji, siipingi hata kidogo. Shida ni pale watu wetu, na baadhi ya wataalamu, wanaposhika mita 60 kama ndo kipimo cha usalama. Korongo linalokauka miezi minane halihesabiwi kama mto na mtu anajenga ukingoni na kibali anacho. Tope linaangalia mteremko, kina na maji yaliyomo, kwa hiyo sehemu moja mita 20 zinatosha, sehemu nyingine hata 300 hazitoshi. Tunachokiomba ni ramani ya njia za tope kwa kila mji ulio chini ya mlima, halafu sheria ifuate ramani.

Wapo waliotangulia. Aberfan kule Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo namba 7 la mabaki ya makaa ya mawe lililokuwa limerundikwa juu ya chemchemi lililainika likashuka kwenye shule asubuhi, wakafa watu 144 na kati yao 116 ni watoto. Tume ilichunguza, wanasayansi wa udongo wakaitwa kueleza limetiririkaje, na mwaka 1969 Uingereza ikatunga sheria ya malundo ya migodi. Miaka mitatu! Huwa nawaambia vijana wa sera waanzie hapo.

Na kuna somo la Bududa, Uganda, ambalo fizikia peke yake hailimalizi. Baada ya maporomoko ya Machi 2010 serikali ilihamishia familia Kiryandongo, mbali na mlima Elgon, na wapo waliorudi, kwa sababu shamba la kahawa na migomba liko mlimani na makaburi yako mlimani. Ramani bila mashamba watu hawahami.

Tuliandika barua kwa ofisi moja kuomba vipimo vya mvua vya saa kwa saa. Imepita miezi saba, tumefuatilia mara nne, bado. Nimesikitika sana, ila tutaandika tena na safari hii kamati itaenda kwa miguu.

Fedha kwa kifupi, zaidi ya nusu mmelipa ada, asanteni, na deni la ukumbi tumelimaliza. Katibu wetu anastaafu nafasi yake, tutamuaga kwenye mkutano.

Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, ukumbi ule ule. Kila anayetoka mkoa wenye milima naomba aje na udongo kama kilo tano hivi, kwenye ndoo yenye mfuniko, aandike umechotwa wapi na kina gani, na tafadhali usiuanike juani, tunautaka na maji yake.