Kijijini kwa taka, mjini kwa umeme

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu watoto wangu hawajaanza shule, na sasa wana watoto wao. Sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mmenichokoza wenyewe na ile habari ya wiki iliyopita, yenye picha ya ghorofa na punda, eti suala la kutenganisha mjini, vijijini na pwani kwenye takwimu za mikoa "linahitaji mjadala". Mjadala gani tena? Mimi nimeshaulipia.

Mwezi wa pili nilimaliza vyumba viwili vya mama mkwe nyuma ya nyumba yangu. Nguzo ya umeme iko hatua ishirini kutoka ukutani, nimezihesabu mwenyewe. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniandikia barua ya utambulisho na kuigonga muhuri wa bluu, SERIKALI YA KIJIJI, wino haujakauka. Nikafika ofisi ya umeme na elfu ishirini na saba yangu mfukoni, maana bei za Januari 2022 kila mtu anazijua: kijijini 27,000, mjini 320,960, umeme wa njia moja, ule wa nyumba za kawaida, ndani ya mita 30 kutoka nguzoni. Kijana wa dirishani akaniamkia vizuri, akabonyeza kompyuta, akasema, "Mzee wangu, nyie ni kijiji-mji, bei yenu ni ya mjini." Kijiji-mji! Nikamwuliza huyo mnyama kazaliwa na sheria ipi. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982 ninazozijua mimi ni ya mamlaka za wilaya na ya mamlaka za miji. Huku kuna kijiji na vitongoji vyake, kule kuna mitaa. Nikamwonyesha muhuri. Akautazama kwa heshima zote, akanirudishia barua: "Muhuri ni wa mwenyekiti, mzee. Bei ni ya mfumo." Wiki hiyohiyo nikaenda kuulizia gari la taka, maana jalala la sokoni limeshafika kwenye ukuta wa msikiti. Jibu: gari haliji huko, huko ni kijijini, chimbeni shimo. Basi wakati wa kulipa sisi ni watu wa mjini, wakati wa kuhudumiwa turudi shamba!

Mbele ya nyumba yangu ipo nguzo ya anwani ya makazi yenye jina la barabara. Jirani anaifungia mbuzi. Karani wa sensa ya Agosti 2022 aliegemea nguzo hiyohiyo akijaza kishikwambi chake, tukaingia kwenye ile hesabu ya watu 61,741,120, na kila nikisoma asilimia ya Watanzania wanaoishi mijini najiuliza kama mama mkwe yumo.

Halafu hili la pwani, kwa kuwa mmeligusa. Shemeji yangu anaishi Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Kila mgeni wake kutoka Mwanza anamwuliza ufukwe uko wapi. Kisarawe haina bahari! Wenye bahari wa Tanga, Lindi na Mtwara hawaitwi Pwani, shemeji anaitwa, na samaki ananunua kwa bei ya mtu wa bara. (Pweza ndiyo asahau.)

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya suala hili la mjini, vijijini na pwani waliliandikia kanuni Desemba 2017. Wanaigawa nchi kwa miraba ya kilomita moja moja, wanahesabu vichwa. Miraba iliyoshikana yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja, jumla ikifika 50,000, hapo ni jiji. Ikiwa ni 300 kila mraba na jumla 5,000, ni mji wa kawaida. Iliyobaki ni shamba. Ili eneo dogo kama la shemeji liitwe la pwani, liguse bahari, au nusu ya ardhi yake iwe ndani ya kilomita 10 kutoka baharini. Kisarawe ingefeli asubuhi na mapema. Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliupendekeza mpango huohuo wa miraba wa mjini na vijijini kwa kulinganisha nchi na nchi. Sisi tunangoja mfumo useme.

Sidai miraba. Mleteni ofisa takwimu mmoja tu, asimame pale kwenye mbuzi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, na daftari lenye safu mbili: majogoo na bodaboda. Bodaboda zikizidi, nitaisamehe ile 320,960 niliyokwisha kulipa bila kununa, na gari la taka lije siku hiyohiyo. Majogoo yakizidi, nirudishiwe 293,960 yangu, maana nililipa. Mama mkwe hawezi kukaa gizani akingoja tafsiri ya neno. Matokeo yaandikwe, yapigwe muhuri, nakala iende kwa kijana wa dirishani akaiingize kwenye mfumo.

Huyo ofisa aje na mabuti. Barabara yetu haijawahi kuleta ubishi: wote wanakubaliana kwamba ni ya kijijini.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kijiji-mji, Mkoa wa Pwani