Huyo mbwa wa jirani, usimpokee

Saida mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na picha ya yule mbwa dume wa jirani yako, anayefanana na XL Bully (mbwa mkubwa mwenye misuli mingi), nimeitazama vizuri. Unauliza kama unaweza kumchukua kwa kuwa huuziwi, unapewa bure. Hapana, na hiyo bure ndiyo kosa lenyewe. Tangu tarehe 31 Desemba 2023, huko England na Wales ni marufuku kumuuza, kumzalisha, kumgawa au kumtelekeza mbwa wa aina ya XL Bully. Kuanzia tarehe 1 Februari 2024, hata kukaa naye bila cheti cha ruhusa maalumu ni kosa. Cheti kilikuwa pauni 92.40, na maombi yalifungwa siku moja kabla.

Kwa hiyo mwombe jirani akuonyeshe cheti chake. Akiwa nacho, bado hawezi kukukabidhi mbwa. Mmiliki akifariki au akiugua sana, anayetaka kumchukua hupitia mahakamani. Akiwa hana, mbwa huyo ni wa kukamatwa wakati wowote, na ukimpokea kesi inakuwa yako: faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miezi 6.

Unasema karatasi zake zimeandikwa chotara wa Staffordshire, aina nyingine ya mbwa. Hazitakusaidia. Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 haiangalii wazazi wala kipimo cha vinasaba (DNA), inaangalia umbo. Msimamishe mbwa kwenye sakafu iliyo sawa, miguu ya mbele iwe wima, upime kutoka chini hadi pale juu ya mabega shingo inapoishia. Usipime kichwani, wengi hukosea hapo. Dume mzima akianzia inchi 20 (sentimita 51), au jike inchi 19 (sentimita 48), ndipo unaangalia mengine: kichwa kizito na kipana, mashavu yaliyojaa misuli, pua na mdomo vifupi kuliko fuvu, kifua kipana, manyoya mafupi yanayong'aa. Si lazima awe na sifa zote, zikiwa nyingi zinatosha. Na kesi ikifika mahakamani, mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mbwa wake si wa aina hiyo. Mimi naona sheria hii imeshika mkia ikaacha meno, lakini ndiyo iliyopo.

Kumtembeza, kama cheti kipo, unaweza. Kamba ishikwe na mtu wa miaka 16 au zaidi, na mdomo uwe umefungwa muda wote mkiwa nje, hata ndani ya gari barabarani. Mwenyewe anatakiwa awe amemhasi, amemwekea chipu, na kila mwaka anakata upya bima ya kumlipa mtu atakayedhurika. Akisafiri, mbwa anaweza kulala kwako, lakini siku za kulala nje ya anwani ya cheti zisizidi 30 ndani ya miezi 12.

Sasa kifunga mdomo. Kile cha kitambaa kinachobana taya kiache: mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akizuiwa kuhema siku ya joto anaweza kuanguka na kufa. Tafuta cha kikapu, kinachomwachia mbwa nafasi ya kufumbua mdomo na kuhema. Pima mzunguko wa mdomo mbwa akiwa anahema, taya zimeachana, maana ukipima mdomo umefumba utanunua kidogo. Chagua chenye mkanda wa paji la uso, kwa sababu mbwa hawa wana pua fupi na kikapu huchomoka kirahisi. Siku za mwanzo usifunge chochote: paka siagi ya karanga ndani (soma kopo kwanza, isiwe na zailitoli, kitia utamu cha badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa) umwache aingize pua mwenyewe. Baadaye funga kwa sekunde chache, kisha dakika, kisha mzunguke naye uani. Wanaomvika mara ya kwanza wakiwa mlangoni ndio unaowaona mbwa wao wakisugua uso kwenye lami mpaka kifunga mdomo kinachomoka.

Ukikuta dume hilo halifiki kipimo, bado kuna kifungu cha 3 cha sheria hiyohiyo ya 1991, kinachomhusu mbwa yeyote, hata kijibwa cha kupakata: akimtia mtu hofu ya kweli kwamba atajeruhiwa, hata ndani ya nyumba yako, unashtakiwa.

Kesho nenda na futi ya fundi cherehani, halafu uniandikie namba uliyoipata.

Wako,
rafiki yako